Kufunga, Kufungua na Ardhi: Uhakiki wa Istilahi za Kupeleka Umeme Bandani

Istilahi hupimwa kwa vipimo vingi. Wako wanaozipima kwa kuzilinganisha na neno la lugha chasili, wakaridhika iwapo maana imehamia bila kupungua. Wako wanaozipima kwa umbo, wakauliza kama zimefuata taratibu za uundaji wa maneno ya Kiswahili. Na wako, hasa walimu, wanaozipima kwa wepesi wa kukumbukwa darasani. Vipimo vyote hivyo ni halali. Makala haya yanakusudia kutumia kipimo cha nne, ambacho aghalabu husahauliwa: je, istilahi ikiwekwa ndani ya sentensi ya amri, pamoja na istilahi jirani zake, mbele ya mtu aliyeshika bisibisi, itamfanya atende lile alilokusudia mwandishi, au itamfanya atende kinyume chake?

Uwanja tuliouchagua ni umeme wa nyumbani, na ndani ya uwanja huo tumechukua kazi moja tu, nayo ni kupeleka umeme kwa usalama kutoka nyumbani hadi kwenye banda la kazi lililo uani. Kazi hii si ya kufikirika. Apitaye Kinyerezi, wilayani Ilala, atasikia msumeno wa umeme nyuma ya nyumba moja, mashine ya kuchomelea nyuma ya nyingine, na cherehani za umeme mbele kidogo. Jina la Kinyerezi lenyewe linajulikana nchini kote kwa ajili ya umeme, maana huko ndiko iliko mitambo ya Kinyerezi I na Kinyerezi II inayofua umeme kwa gesi asilia, na huko ndiko linakofika bomba la gesi kutoka Mtwara lililokamilika mwaka 2015. (Kwa kupita tu: kitenzi hiki “kufua” ni miongoni mwa mafanikio makubwa ya istilahi zetu. Mhunzi hufua chuma, mtambo hufua umeme. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa.) Hata hivyo, si ajabu kuona, katika kata hiyo hiyo inayofua mamia ya megawati, banda linaloendeshwa kwa waya mwembamba uliopitishwa dirishani na kuning’inia sambamba na kamba ya kuanikia nguo. Hatari kwa mwananchi wa kawaida haiko mtamboni. Iko katika mita thelathini za mwisho, na ndiko maneno yetu yanakofanya kazi au yanakoshindwa.

Tuanze na jina la mahali penyewe. Mfasiri anayetafsiri maelekezo ya kigeni kuhusu kazi hii hukutana kwanza na neno ambalo kwao ni chumba cha kuegeshea gari nyumbani, naye, bila kusita, huandika “gereji”. Neno hilo ni letu kwa muda mrefu, lakini halina maana hiyo. Gereji, kwa Mswahili, ni mahali pa kutengenezea magari, penye mafundi, mafuta machafu na wateja. Mahali pa kuegeshea gari nyumbani ni “banda la gari”. Kwa hiyo sentensi “umeme wa gereji utoke katika nyumba” humfanya msomaji adhani anasoma habari za biashara ya magari, akaiacha kwa kuwa haimhusu. “Karakana” nayo ni neno zuri, lakini lina harufu ya kiwanda na ya chuo. Mtu mwenye meza moja ya useremala haiiti karakana. Sisi tutasema “banda”, kama wasemavyo wenyewe.

Si kila neno lenye maana mbili ni baya, na yafaa jambo hili lisemwe mapema, maana wapo wahakiki wanaoona kila utata kuwa kosa. Tazama neno “mita”. Fundi husema, “Banda liko mita thelathini kutoka kwenye mita,” na hakuna aliyewahi kuumia kwa sentensi hiyo. Mita ya kwanza inahesabiwa, ya pili imetundikwa ukutani, na haziwezi kubadilishana nafasi. Vivyo hivyo LUKU. Jina hilo liliundwa kwa herufi za mwanzo za maneno “Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo”, likiwa jina la utaratibu wa kulipa kabla. Umma ukalipokea, ukalitumia kwa mita yenyewe, kisha kwa namba zinazonunuliwa, kisha kwa umeme wenyewe: “luku imeisha”. Mtaalamu wa istilahi anaweza kununa, lakini hakuna madhara. Utata unaopaswa kutuhangaisha ni ule ambao maana zote mbili zinaweza kuingia katika sentensi ile ile, katika kazi ile ile, na kila moja ikaleta tendo tofauti.

Utata wa namna hiyo, tena mbaya kuliko yote, umo katika kitenzi “kufunga”.

Kwa fundi, kufunga umeme ni kuweka nyaya, swichi na taa. “Nimefunga umeme nyumba nzima” maana yake ni kwamba kazi imekamilika na nyumba inawaka. Kwa wasemaji wengi, hasa wa pwani na Visiwani, kufunga taa au redio ni kuizima, na kuifungua ni kuiwasha. Hawa wamechukua sitiari ya mlango na bomba: ukifungua bomba maji hutoka, ukilifunga maji hukoma, basi na umeme vivyo hivyo. Darasani, hata hivyo, mwanafunzi hufundishwa kwamba saketi ikifungwa mkondo hupita, na ikiwa wazi mkondo haupiti. Sitiari ya darasani ni ya pete au mnyororo: ncha zikikutana, mzunguko umekamilika. Kila sitiari ina mantiki yake ndani yake yenyewe. Tatizo ni kwamba zote tatu zinakutana mbele ya kisanduku kimoja cha swichi.

Tuichukue sentensi hii, ambayo mfasiri yeyote mwaminifu angeweza kuiandika: “Funga swichi kuu kabla ya kugusa nyaya za banda.” Fundi ataelewa kwamba swichi kuu iwekwe kwanza, nyaya baadaye. Mama mwenye nyumba aliyekulia Tanga ataelewa kwamba swichi izimwe. Kijana wake anayesoma fizikia, iwapo anachukulia masomo yake kwa dhati, ataelewa kwamba swichi iwashwe. Na ikiwa kuna mtu wa nne aliyewahi kufanya kazi kiwandani, ataelewa kwamba swichi itiwe kufuli ili asitokee mwingine akairudisha, jambo ambalo nalo ni la lazima katika kazi hii. Amri moja, matendo manne, na moja kati ya hayo ni la kuua.

Wapo watakaojibu kwamba muktadha utamsaidia msomaji. Muktadha humsaidia msomaji asiyeharakishwa. Anayesoma maelekezo ya umeme amesimama juu ya ngazi, tochi mdomoni. Isitoshe, muktadha wa hapa haupingani na yoyote kati ya maana hizo: kuweka swichi, kuizima, kuiwasha na kuitia kufuli yote ni mambo yanayofanyika kweli katika kazi ya namna hii, kwa wakati wake.

Rai yetu ni kwamba “funga” na “fungua” viondolewe kabisa katika kila amri inayohusu swichi. Kufunga kubaki katika maana ya fundi, yaani kuweka kifaa mahali pake, kwa kuwa maana hiyo ndiyo iliyoenea zaidi na haina mshindani mzuri. Darasani, badala ya saketi iliyofungwa na saketi wazi, pasemwe “saketi kamili” na “saketi iliyokatika”. Mwalimu hatapoteza kitu, na mwanafunzi hatabeba kutoka shuleni neno litakalopingana na la nyumbani kwao. Kwa swichi ya kifaa tunavyo “washa” na “zima”, ambavyo vilikuwa vya moto na taa za mafuta kabla ya kuwa vya umeme, na kila mtu anavijua.

Lakini “zima” nacho kina mpaka wake. Kuzima taa kwa swichi ya ukutani hakuondoi umeme katika nyaya zinazoifikia swichi hiyo. Taa imezimika, waya bado ni hai. Kwa kuondoa umeme katika sehemu nzima linafaa neno “kata”. Hapa Kiswahili kina utajiri ambao orodha zetu za istilahi hazijautumia. Umeme “umekatwa” pale mtu au shirika lilipoukata. “Umekatika” pale ulipotoweka bila ya sisi kutaja aliyehusika. Na “umejikata” pale kifaa cha usalama kilipofanya kazi yake chenyewe. Tofauti hizi tatu ni za msingi katika matengenezo. Mwenye banda asemaye “umeme umekatika” hukaa akisubiri TANESCO. Asemaye “umejikata” huenda kwenye kisanduku kutafuta sababu. Lugha nyingine hulazimika kutafuta maneno matatu. Sisi tunaondoa silabi na kuweka nyingine.

Tutoke kwenye kisanduku cha nyumba, tuifuate kebo ikiingia ardhini. Utaratibu mzuri wa kazi hii ni kwamba banda lipewe breka yake lenyewe katika nyumba, na kebo yenye ala ya chuma ifukiwe kwenye mtaro wa kina cha kama sentimita 60, juu ya mchanga, na utepe wa tahadhari ulazwe juu yake ili mwenye jembe auone kabla ya kuifikia kebo. Pamoja na hilo lazima uwepo waya ule ambao, kwa kawaida, haupitishi mkondo wowote, bali huunganisha magamba ya chuma ya mashine na fimbo iliyopigiliwa ardhini. Mafundi wetu huuita “ethi”. Watunzi wa istilahi, kwa nia njema ya kuliepuka neno la mkopo, wameelekea kuuita “waya wa ardhi”.

Sasa tuisome sentensi hii: “Pitisha waya wa ardhi kutoka nyumbani hadi bandani.” Msomaji aliyekwisha kufukia kebo yake ana haki ya kusema kwamba amelitimiza agizo hilo. Amepitisha waya, na umo ardhini. Tofauti kati ya “waya wa ardhi” na “waya wa ardhini” ni silabi moja ya mahali, silabi ambayo katika simu yenye mawimbi hafifu, au katika karatasi iliyorudufiwa mara tano, haipo. Na ubaya wa kosa hili ni kwamba halijitangazi. Nyaya mbili zikiwa zimeunganishwa, taa itawaka, msumeno utazunguka, redio italia. Hakuna chombo kitakacholalamika kwa kukosa ethi. Kosa litalala miezi au miaka, mpaka siku ambayo waya utachubuka ndani ya mashine na kugusa gamba lake, na mtu, pengine miguu mitupu juu ya sakafu ya udongo uliolowana, atakuwa yeye ndiye njia ya kwenda ardhini.

Kwa sababu hiyo tunasimama upande wa mafundi. “Ethi” ni neno la mkopo, halifanani na neno lolote jingine la kazi hii, halina maana nyingine mtaani, na asiyelijua atauliza. Neno la Kiswahili safi, kinyume chake, hudhaniwa limeeleweka. Tunajua kwamba kauli hii haitawapendeza wote. Kanuni ya kutafuta kwanza katika Kiswahili, kisha katika lugha za Kibantu, kisha ndipo kukopa, imelitumikia taifa vizuri, nasi hatuipingi. Lakini kanuni hiyo huuliza kama neno lipo. Haiulizi kama neno hilo tayari limeajiriwa kwingine katika kazi ile ile. Kwa kebo ya chini ya ardhi tunapendekeza “kebo ya kufukia”, ambayo husema itendwe nini, na kwa fimbo ile “fimbo ya ethi”. Pendekezo la “waya wa kinga”, tulilolisikia kwa baadhi ya walimu, lina mvuto, lakini katika mtaro huo huo mna bomba la kukinga kebo na utepe wa kinga, hivyo tungeukimbia utata mmoja na kuingia mwingine.

Nyaya nyingine mbili hazina taabu kubwa ila katika imani zinazofuatana na majina yake. Wengi husema “waya wa moto” na “nyutro”. Jina la kwanza ni zuri, maana linatisha. La pili limezaa dhana kwamba nyutro haina umeme na yaweza kushikwa. Nyutro ikiachana huko nyuma, kwa mfano kiungo kikilegea katika kisanduku cha nyumba, upande wake wa bandani hupata volti zote kupitia vyombo vilivyowashwa. Kamusi inayofafanua nyutro kuwa waya usio na umeme inafundisha kosa.

Kuhusu rangi hatuna budi kuwa wakali. Imekuwa mazoea kuandika “unganisha waya mweusi na mweusi, mwekundu na mwekundu”, kana kwamba rangi ni istilahi. Mtindo wa zamani wa Kiingereza, ambao nyumba nyingi zetu zilifungwa kwao, ulitumia nyekundu kwa waya wa moto, nyeusi kwa nyutro na kijani kwa ethi. Uingereza yenyewe iliuacha: rangi mpya ziliruhusiwa mwaka 2004, na kuanzia Aprili 2006 zikawa za lazima kwa kazi mpya. Sasa waya wa moto ni wa kahawia, nyutro ni buluu, na ethi ni kijani na manjano. Katika kebo ya fezi tatu, nyeusi imekuwa rangi ya waya wa moto, na buluu, iliyokuwa ya moto, imekuwa ya nyutro. Madukani kwetu kebo za mitindo yote miwili zimekuwa zikiuzwa, na banda jipya huunganishwa na nyumba ya zamani. Mfasiri anayeandika “waya mweusi” ameandika neno ambalo katika nyumba moja ni nyutro na katika banda la nyumba hiyo hiyo ni moto. Aidha majina yenyewe ya rangi hayajatulia: kwa wengine kahawia na hudhurungi ni rangi moja, kwa wengine ni mbili. Rangi itajwe kama alama ya kusaidia, kamwe isitajwe badala ya jina.

Tufike bandani, ambako tunalikuta neno “shoti”.

Magazeti yetu hupenda kuandika kwamba chanzo cha moto ni “hitilafu ya umeme”, usemi ambao hauna kosa kwa kuwa hausemi chochote. Umma hutumia neno lililo hai zaidi, yaani shoti. Nyaya zikigusana na cheche zikaruka, ni shoti. Mtu akishika jokofu akahisi umeme mkononi, jokofu “lina shoti”. Mtu akifa kwa umeme, “amepigwa shoti”. Hapa tuna mambo matatu. Kugusana kwa nyaya hupitisha mkondo mkubwa mno kwa ghafla. Umeme kuvuja kwenye gamba la chombo huenda ukawa mkondo mdogo sana. Na kupita kwa umeme mwilini ni tukio la tatu ambalo mara nyingi hutokana na hilo la pili. Kila jambo lina kinga yake, na anayeyaita kwa jina moja atanunua kinga moja.

Takwimu chache zitaonyesha uzito wa jambo hili. Umeme wa nyumbani kwetu ni wa volti 230. Tuseme fimbo ya ethi ya banda imepigiliwa katika kichanga kikavu, na ukinzani wake ni omu 50, jambo la kawaida kabisa wakati wa kiangazi. Gamba la mashine likiguswa na waya wa moto, mkondo utakaokwenda ardhini ni 230 kugawa kwa 50, yaani ampea 4.6. Breka ya ampea 32 inayolinda banda haitatikisika. Kwake ampea 4.6 ni kama birika la chai. Gamba litabaki na umeme mpaka atokee wa kuligusa. Mkondo wa milliampea 10 hivi unatosha kuufanya mkono ukaze usiweze kuachia. Kinachohitajika ni kifaa cha aina nyingine, kinacholinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi, na kinachojikata pale tofauti yake inapofikia milliampea 30, yaani ampea 0.03. Mafundi hukiita kwa herufi, RCD.

Orodha ya istilahi inayowapa vifaa hivi viwili jina moja la “kikata umeme” inamtuma mwenye banda Kariakoo kununua kile alichokwisha kuwa nacho. Na tafsiri ya “kivunja mzunguko”, ambayo imejitokeza hapa na pale, ni mbovu kwa sababu nyingine: kuvunja kwa Kiswahili ni kuharibu, na kifaa hiki hakiharibu kitu, tena hurudishwa kwa kidole. Neno “breka” limekwisha kukubalika, wala halichanganywi na breki ya gari. Tunapendekeza “breka ya mkondo” kwa kile cha kwanza na “breka ya uvujaji” kwa cha pili. Kwa yale matukio matatu hatuhitaji kuunda chochote, maana wasemaji wamekwisha kutuundia. Shoti ibaki kwa nyaya kugusana. “Uvujaji” uwe wa umeme unaotoka nje ya njia yake. Na kwa mwili wa binadamu tunavyo vitenzi vitatu vyenye usahihi wa kushangaza: mtu hupigwa na umeme, hurushwa na umeme, au hunaswa na umeme. Hicho cha mwisho kinaeleza mkono uliokaza kuliko maelezo yoyote ya kitabibu.

Neno “njia” tutalipitia upesi. TANESCO hutofautisha umeme wa njia moja na wa njia tatu, na wananchi wameuelewa msamiati huo. Lakini fundi ana kisanduku cha njia nne, maana yake chenye nafasi za breka nne, na swichi ya njia mbili, maana yake inayowasha taa moja kutoka milango miwili. Akiambiwa “banda linahitaji kisanduku cha njia tatu”, mwenye mashine ya kuchomelea hajui kama aombe laini mpya kwa shirika au anunue kisanduku kidogo. Katika barua kwa mteja njia ibaki. Katika maelekezo ya ufundi itumike “fezi”.

“Umeme mdogo” ni usemi mwingine unaosema kidogo kuliko unavyodhaniwa. Bandani msumeno unapolegea, mwenyewe hulaumu shirika kwamba limeleta umeme mdogo. Pengine ni kweli, pengine kosa limo katika waya wake mwenyewe. Kwa mita 30, waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 ukibeba ampea 20 hupoteza volti 14 na zaidi njiani, wa 2.5 hupoteza karibu volti 9. Wa 6 hupoteza zisizofika 4. Volti zilizopotea haziendi bure: huwa joto ndani ya waya. Kiswahili cha shule kina “ukinzani”, neno zuri lisilotoka nje ya darasa. “Upotevu wa volti” ungeeleweka na fundi na mteja kwa pamoja, na ungewaondolea ugomvi.

Sababu ya kasoro hizi, kwa maoni yetu, ni jinsi orodha zinavyotungwa. Tangu Baraza lilipoundwa mwaka 1967, na vijitabu vya Tafsiri Sanifu vilipoanza kutoka katika miaka ya 1970, kazi kubwa na ya kusifiwa imefanyika. Kamusi ya biolojia, fizikia na kemia ya TUKI ya mwaka 1990 nayo iliwapa walimu msingi ambao hawakuwa nao. Lakini mpangilio umekuwa aghalabu ule ule: Kiingereza safu ya kushoto, kwa alfabeti, na Kiswahili kulia. Katika mpangilio huo ethi na kebo ya kufukia zimetenganishwa na kurasa nyingi, na mtunzi hana nafasi ya kuona kwamba amezipa majina mapacha. Kila istilahi imekaguliwa dhidi ya Kiingereza chake. Haikukaguliwa dhidi ya jirani yake wa Kiswahili.

Orodha ya umeme yafaa ipangwe kwa kazi. Zikusanywe istilahi zote zinazohitajika kupeleka umeme bandani, zisizozidi pengine arobaini. Ziandikwe katika amri kumi au kumi na tano. Kisha amri hizo wapewe mafundi wanafunzi wa VETA, mwenye nyumba, na mtu aliyekulia nje ya Dar es Salaam, kila mmoja peke yake, na aulizwe si neno hili lina maana gani, bali sasa utafanya nini. Penye majibu mawili, istilahi irudi mezani. Kwa kuwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, kanuni za ufungaji wa umeme nazo zitahitaji kusomeka kwa Kiswahili, na hakimu atataka kujua kama aliyeagizwa “kufunga” alipaswa kuwasha au kuzima.

Kwa kuanzia, tunawaletea wasomaji amri moja waijaribu, nayo ni ya kibandiko cha kisanduku cha nyumba, kwenye breka inayolisha banda: KATA UMEME WA BANDA HAPA KABLA YA KUGUSA WAYA WOWOTE. PIMA KWA TESTA. WEKA KUFULI. Ni maneno kumi na matano, nayo yanaenea katika kifuniko cha kisanduku kwa herufi zinazosomeka kwa tochi.